Chai ya Alasiri Pale Kua

Kuna swali moja ambalo sikupata kulisikia likiulizwa darasani kwa miaka yote niliyofundisha, wala sikulikuta katika masomo ya chuo cha ualimu nilikopitia, nalo ni hili: mwenyeji anapomkaribisha mgeni, deni lake la kwanza ni ukarimu au ni ukweli? Huenda msomaji akacheka na kusema kwamba mambo hayo mawili hayagombani. Aghalabu hayagombani kweli. Mtu hupika wali wake, mgeni hunawa, hula, hushukuru, na watu wakalala salama. Lakini ziko siku ambapo ukarimu na ukweli hufika mlangoni kwa pamoja, na mlango ukawa mwembamba, haupitishi ila mmoja.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuutanguliza ukarimu. Neno "hapana" ni zito kinywani mwetu mbele ya mgeni. Akituuliza kama mahali anapokwenda ni mbali, tunamjibu kwamba ni hapo tu, naye atembee saa mbili. Akiuliza kama boti itaondoka kesho, tunasema inshallah itaondoka, hata kama mashine yake tumeiona imefunguliwa na kulazwa ufukweni. Hatumdanganyi kwa nia mbaya. Tunamwonea haya. Tunaona kwamba kumvunja moyo mtu aliyetoka mbali ni kumnyima, na kumnyima mgeni ni aibu ya nyumba nzima.

Tena kuna uongo mwingine, ambao mimi binafsi nauheshimu. Mnamo mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati sukari, unga wa ngano, sabuni na karibu kila kitu vilipoadimika nchini, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini. Ilikuwa desturi kwamba akija mkaguzi au mzazi kutoka mbali hapiti bila kukaribishwa nyumbani. Mara ngapi nilimwona mama wa nyumba akimwekea mgeni sahani ya mwisho, na yeye na watoto wake wakisema, "Kula, baba, sisi tumekwisha kula!" Hawakuwa wamekula. Mgeni alijua, mwenyeji alijua kwamba mgeni anajua, na watoto, masikini, walijua kuliko wote. Sijapata kusikia shehe wala padri akiukemea uongo ule. Mimi nami siukemei, kwa sababu aliyeusema ndiye aliyelala na njaa. Hasara yake aliibeba mwenyewe.

Nitaurudia uongo huo baadaye. Kwanza nieleze jinsi swali lenyewe lilivyonifikia mimi, mzee wa miaka sabini na kitu, kwa njia ya kikombe cha chai na unga wa ngano.

Yuko mama mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye katika miaka ya 1970 alifundisha katika shule moja na mimi kwa muda. Kiswahili chake ni kizuri, ingawa hutamka "ng'ombe" kana kwamba anaogopa kumwamsha. Tuliendelea kuandikiana barua, na alipostaafu akaazimia kurudi kuona nchi. Katika barua yake ya mwisho kabla ya safari aliniarifu jambo moja: kwamba waganga wa kwao wamemkuta na maradhi yaitwayo siliaki, na hivyo hawezi tena kula ngano, wala shayiri, wala rai, wala kitu chochote kilichoguswa na nafaka hizo, hata kidogo, mpaka mwisho wa maisha yake.

Wako watu kwetu ambao wakisikia habari kama hizo husema, "Hayo ni maradhi ya Wazungu," au tena, "Huyo anaringa." Nami sikuyajua maradhi hayo, basi nikayasoma. Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni, ambacho ndicho kinachoufanya unga uvutike kama ulimbo ukikandwa. Kwa mtu mwenye siliaki kitu hicho huufanya mwili wake wenyewe ushambulie utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vikasinyaa. Mtu hula akashiba na huku mwili wake una njaa. Dawa ya kuuponya ugonjwa huo haijapatikana. Tiba ni kuacha. Huko Ulaya huwapata kiasi cha mtu mmoja katika kila watu mia. Na wale wanaodhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao, wajue kwamba watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili la Afrika, walipochunguzwa katika miaka ya 1990, walionekana kuwa nao zaidi ya watoto watano katika kila mia.

Namna ngano ilivyokamatwa ni kisa cha kusikitisha na cha kustaajabisha kwa pamoja. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ukaja ule msimu wa baridi wa 1944 hadi 1945, Wajerumani walipoizuia Uholanzi isipate chakula na watu wakala vitunguu vya maua. Mikate ikatoweka. Nchi nzima ikidhoofika, watoto wake wenye siliaki walipata nafuu. Na mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 akayaandika hayo katika tasnifu yake. Basi mkate, ambao Mzungu huuombea kila siku kama sisi tuuombeavyo wali, ndio uliokuwa ukiwaua watoto hao, tena wakilishwa na mama zao kwa mapenzi.

Mgeni wangu alikuwa na hamu moja iliyonichekesha. Alitaka, safari hii, kunywa chai ya alasiri ya Kiingereza hasa, yenye vyake vyote, mahali palipo mbali kabisa na Uingereza. Alisema kwamba tangu alipougua, kila hoteli aliyoingia kwao humpa kikombe cha chai na kumwomba radhi, au humletea kisahani chenye tunda lililokatwa huku wenzake wakila keki. Hakuwa akililia tumbo. Alikuwa akililia kukaa kitako pamoja na watu na kula walacho watu.

Chai hiyo ya alasiri, kwa wale wasioijua, ni karamu ndogo ya saa kumi: sandwichi nyembamba za matango zilizokatwa maganda, skonzi zenye jamu na malai mazito, keki ndogo ndogo, na birika la chai. Waingereza huisifu kwamba ni mila yao ya kale, na husema kuwa ilianzishwa na Anna, mke wa mtawala wa Bedford, mnamo mwaka 1840, kwa kuwa njaa ilimshika kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Ukiipekua mila hiyo utaona ni msafiri mtupu. Majani yalitoka China, na baadaye Assam. Neno lenyewe "chai" ni la Kichina lililopita kinywani mwa Waajemi na Wahindi kabla ya kufika kwetu. Vikombe vya udongo mweupe vilitoka China pia. Na katika hili sisi watu wa pwani tuna haki ya kutikisa kichwa kidogo, maana waungwana wa Kilwa walikuwa wakivitumia vyombo vya China karne kadhaa kabla Mwingereza hajajua chai ni kitu gani. Na sukari ilitoka katika mashamba ya watumwa wa visiwa vya Karibi.

Nilipomwambia habari hiyo ya sukari, yeye mwenyewe aliniongezea. Mnamo 1791, wakati Bunge la Uingereza lilipokataa kuufuta utumwa wa kuvuka bahari, familia nyingi ziliamua kunywa chai bila sukari ya Karibi. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi hiyo kwa farasi akipinga biashara ya watumwa, alikadiria kwamba walioacha walifikia watu 300,000. Basi fikiria mwenyeji wa wakati ule: anamtilia mgeni chai, na mgeni anafunika kikombe kwa kiganja. Yule hakatai kwa ugonjwa. Anakataa kwa kuwa amejua kilichomo. Watu wa siku zile nao waliwaita wenye kukataa hivyo watu wa kuringa.

Tukaenda Mafia. Pale Utende, katika nyumba ya wageni tuliyoshukia, nilimweleza mpishi haja ya mgeni wangu. Alikuwa kijana mwenye akili. Hakusema "hakuna shida," ambayo ni jibu nilililoliogopa. Aliuliza: je, hata unga ukiwa umerushwa na upepo? Nikamwambia hata huo. Akafikiri, akatoa sufuria ambalo halikuwahi kupikiwa maandazi, akasugua meza, akatumia unga wa mchele na unga wa muhogo, tui zito la nazi badala ya malai, na jamu ya maembe. Mkate wa sandwichi ulikuwa ni mkate wa kumimina, uliokatwa vipande vyembamba na kutiwa matango. Vyote vikafungwa katika kikapu kilichofunikwa kitambaa, pamoja na chupa ya chai.

Hapo mgeni wangu aliuliza, nusu kwa mzaha, kama hiyo bado ni chai ya Kiingereza. Mchele umetoka Asia, muhogo Wareno waliuleta kutoka Brazili, maembe yametoka India, nazi ya Mafia, na ngano, ambayo ndiyo iliyokuwa ya Kiingereza, haimo. Nilimwambia kuwa hata ngano haikuzaliwa Uingereza. Sikuona kwamba kilichobaki kilikuwa kidogo: saa ya kukaa, mtu mmoja kumiminia wote, kitambaa safi, mazungumzo yasiyo na haraka. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kushuka Kilwa, alilishwa siku tatu kama mgeni wa mji: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Katika sinia hiyo aliyoieleza sioni ngano. Mgeni wangu angeila yote bila hofu.

Kikapu kile tulikipeleka Kua.

Kua ni mji uliokufa, upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, na msafiri hupakia mashua Utende, akavuka ghuba ya Chole na kupita kati ya mikoko maji yakiwa yamejaa. Magofu yake yamesimama katikati ya mibuyu: jumba la watawala lenye ghorofa iliyobomoka, misikiti, makaburi, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo mizizi imezikumbatia kiasi kwamba hujui kama mti unaubomoa ukuta au unaushikilia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini waliushambulia mji huo kwa ngalawa zao, wakaua na kuteka watu, nao haukusimama tena.

Lakini watu wa Mafia wana masimulizi mengine ya Kua, ya zamani zaidi, na ndiyo yaliyonifanya nisitulie pale. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani, mji wa ng'ambo katika kisiwa kikubwa, waliunda jombo lao, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha majini. Wageni walipofika walikamatwa, wakalazwa mchangani kama magogo, na chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Waliacha miaka ikapita mpaka jambo likaonekana kusahauliwa, kisha wakaalika Kisimani kwenye harusi. Karamu ikaandaliwa katika chumba cha chini ya ardhi. Watu wakala, ngoma ikapigwa, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kwa udhuru huu na yule kwa udhuru ule, mpaka akabaki mzee mmoja peke yake akiwaburudisha wageni kwa maneno. Nje mlango ukawa unajengwa kwa mawe. Mzee alijua. Akaendelea kuzungumza nao mpaka ukuta ukafika juu, akafa pamoja nao.

Sitaki kuhukumu kama kisa hicho kilitokea. Ninachokisema ni kwamba watu waliokitunza kwa vizazi vyote hivyo walikuwa wanajua kitu gani cha kuogopa. Karamu zote mbili zilikuwa na ukarimu wa kutosha: chakula kilikuwapo, ngoma ilikuwapo, na maneno matamu yule mzee aliyamimina mpaka pumzi ya mwisho. Kilichokosekana ni kimoja tu.

Tuliketi chini ya mbuyu, tukatandika kitambaa. Tulikuwa wanne: mgeni wangu, mimi, nahodha wa mashua, na kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa Juani, ambaye alikuwa ametanguliza habari kwa bibi yake mwenye shamba karibu na hapo. Kabla chai haijamiminwa tukamwona bibi huyo anakuja kati ya magofu, kanga mbili, na chombo kichwani. Tukamwamkia, naye akaitikia marahaba moja baada ya nyingine huku anashusha mzigo wake. Alikuwa amepika vitumbua. Vilikuwa bado na joto, harufu ya iliki ikasambaa hata kikapu chetu kikaona haya.

Msomaji anajua kwamba kitumbua asili yake ni mchele: mchele ulolowekwa, ukatwangwa au ukasagwa, tui, sukari, iliki, hamira. Mgeni wangu alikijua tangu zamani, na uso wake ulifurahi kama wa mtoto. Alichukua kimoja. Kisha, kwa kuwa amefundishwa na maumivu, akauliza kwa adabu: "Samahani bibi, ndani mna ngano?"

Kijana alijibu kabla bibi yake hajafungua kinywa. "Hamna, mama! Ni mchele mtupu."

"Nani kakwambia?" akasema bibi. "Wewe ulikuwapo nilipokuwa ninakoroga? Mimo. Viganja viwili." Akatugeukia sisi, na sauti yake ikashuka. "Nilisikia mgeni ni Mzungu. Nikaona tusimpe mchele mtupu kama sisi kwa sisi. Ngano ndicho chakula chao, basi nikatuma dukani."

Mgeni wangu alikirudisha kitumbua mahali pake, polepole. Pakawa kimya. Kijana alitazama chini. Alitahayari kwa kuumbuliwa mbele ya wageni ambao mwisho wa siku ndio wangemlipa. Na bibi, mwanamke aliyekuna nazi, akalipa fedha ya unga ambao hakuuhitaji, akatembea juani na chombo kichwani, alikuwa ameangalia kazi yake yote ikikataliwa kwa neno lake mwenyewe. Ngano ile haikuingia kwa uzembe. Iliingia kwa heshima.

Nilimweleza kwa kifupi juu ya maradhi. Hakusema kwamba ni ya Wazungu, wala hakusema kwamba mgeni anaringa. Alisema, "Kumbe ni kama bunju." Kisha akachungulia kikapuni na kuuliza vile vyetu ni vya nini. Alipoambiwa ni muhogo alicheka mpaka akashika mbavu, kwamba yeye kahangaika kumtafutia Mzungu ngano, na Mzungu kaja na muhogo wake kikapuni. Mgeni wangu akamwomba aketi, akammiminia chai kwa mikono miwili, akampa skonzi ya muhogo yenye jamu ya maembe. Bibi akaionja, akatafuna kwa uangalifu wa fundi, akatoa hukumu kwamba jamu ni nzuri lakini muhogo haukukaushwa vya kutosha. Sisi wanaume tulikula vitumbua. Sijala vitumbua vizuri kama vile, na lazima nikiri kwamba sehemu yangu ilikuwa kubwa.

Tulipokuwa tunarudi kwenye mashua, kijana alibaki nyuma pamoja nami. Alikuwa na hasira iliyotulia. "Mwalimu," akasema, "bibi kaniumbua. Viganja viwili katika chungu kizima! Angekula kimoja, angefurahi, bibi angefurahi, na yeye mwenyewe kasema haui papo hapo. Mbona sisi wenyewe hutufundisha kwamba mgeni hasemwi kitu cha kumkera?"

Hoja yake si ya kupuuzwa, na nilimwambia hivyo. Ndiyo hoja ya pwani nzima. Nilimkumbusha neno la bibi yake juu ya bunju. Kila mvuvi wa Juani anajua kwamba samaki yule ana sumu, na hakuna ambaye angemwekea mgeni mezani huku akimwita changu, hata kama mgeni amekuja na njaa na hakuna samaki mwingine. Vivyo hivyo muhogo mchungu. Mama akikuta mgeni anaumenya ule usiolowekwa, hamwachi kwa kuogopa kumkera, atampokonya mkononi. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, ukame uliwalazimisha watu kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, na zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Elimu ya kilichomo ndani ya chakula hatukuletewa na wageni.

"Lakini bunju huua leo," akasema. "Ngano haitamwua leo."

Hapo alinishika, na nilitembea hatua kadhaa kabla ya kumjibu. Ni kweli kwamba madhara yanayochelewa hayatuogopeshi sawasawa. Mgeni angeumwa tumbo usiku, angekuwa Utende, bibi asingemwona akijikunja kitandani. Na ule utumbo uliokwaruzwa ungekuwa Uingereza, mbali na macho ya Juani yote. Mwenyeji angebaki na picha ya mgeni anayetabasamu. Lakini umbali huo unapunguza nini? Unapunguza aibu ya mwenyeji tu, wala haupunguzi maumivu ya mgeni hata chembe. Kama deni letu kwa mgeni linaisha mashua inapong'oa nanga, basi tulichokuwa tunakitunza muda wote ni uso wetu sisi.

Ndipo nilipokumbuka wale mama wa miaka ya 1980 na "tumekwisha kula" yao. Kwa miaka mingi nilikuwa naona kwamba uongo wao na jibu la kijana huyu ni ndugu, kwa kuwa vyote viwili vimezaliwa na adabu ile ile. Njiani pale nikaona tofauti yao. Yule mama alificha kitu kilichokuwa chake, njaa yake, na gharama yake aliilipa mwenyewe. Kijana alificha kitu kilichokuwa cha mgeni. Kilichomo ndani ya kitumbua, mara tu mgeni anapokinyanyua kuelekea kinywani, si siri ya mpishi tena. Nani alimpa kijana ruhusa ya kuuchezea utumbo wa mtu mwingine ili yeye aonekane mwema?

Iko hoja moja ambayo kijana hakuisema, nami niiseme kwa niaba yake. Mgeni naye ana deni. Hawezi kutembea dunia nzima akiitaka kila nyumba ipike upya kwa ajili yake. Kwa hili mgeni wangu hana lawama: alikuja na kikapu chake, aliuliza kwa adabu na mapema, na alipojibiwa hakukunja uso, akageuka mwenyeji yeye. Nimeona wengine, tena wetu wenyewe waliotoka Dar es Salaam au Ulaya, wanaochambua sahani ya mama zao kama karani wa forodha, bila ugonjwa wala nadhiri, kwa sababu wamesoma mahali kwamba ni vizuri. Sidhani kwamba bibi wa Juani anawiwa chochote na hao zaidi ya ukweli, na huo nao atawapa.

Nilimwambia kijana kwamba bibi yake hakumwumbua, alimwokoa. Hakukubali. Nikamwuliza: kwa nini hukusema tu, "Sijui, ngoja nimwulize aliyepika"? Ni maneno ambayo nilihangaika miaka mingi kuwafundisha walimu vijana wayaseme mbele ya wanafunzi, na wengi wao walistaafu bila kuyatamka hata mara moja.

"Wewe ni mwalimu, unalipwa hata usipojua," akasema. "Mimi napewa kazi kwa kuwa wageni wanaamini najua. Nikisema sijui, kesho watamchukua mwingine ambaye anajua kila kitu."

Maji yalikuwa yameanza kutoka, na nahodha alikuwa anatuita tuharakishe, mashua isije ikakwama kwenye mikoko. Mgeni wangu alikuwa bado ufukweni na bibi, ameshika kalamu, anaandika vipimo vya vitumbua visivyo na ngano: vikombe vingapi vya mchele, tui la nazi ngapi, hamira kiasi gani. Kila kipimo bibi alikionyesha kwa kiganja, na kila kiganja mgeni alitaka kujua ni sawa na vijiko vingapi. Nahodha akaita mara ya pili.

"Na kama ni mchele wa dukani, usioshikana?" akauliza mgeni.

"Hapo," akasema bibi, "sijui. Mimi huwa natia ngano."

Nilimtazama kijana. Alikuwa anakunja kamba, na sikuweza kuuona uso wake.